Mkono wa Salimu Bado Haujachanjwa

Kwa mwanangu Zena, mke wa Nasoro, mama wa Salimu, aliyeko Lugoba.

Naandika "aliyeko Lugoba" na huku nakusikia chumba cha pili ukikunja nguo za mtoto na kukohoa kile kikohozi chako cha kutaka nije nikuulize una nini. Siji. Barua hii naitia katikati ya kanga zako, utaiona ukishafika, kwa hiyo salamu nazitanguliza tangu leo zikukute huko.

Baba yako anakusalimu sana. Anasema usimwambie Nasoro kwamba alilia, kwa sababu hakulia, ni moshi wa mbata ulimwingia machoni. Leo hatukukausha mbata. Bibi yako anakusalimu. Masikio yake unayajua, kila nikimwambia Zena anaondoka, yeye anauliza, "Zena kazaa?" Namwambia, "Kazaa, mama, tena mtoto amekwisha kuanza kukaa." Anashukuru upya, anaomba dua upya. Kaka yako Selemani anakusalimu, yeye na mkewe na watoto wake wote. Amekusukia tenga la kuku kwa ufito ule ule anaosukia madema yake ya kuvulia samaki kule Mbegani, anasema kuku akitoka humo basi amefunguliwa na mtu. Mama yako mdogo Rukia, mke mwenzangu, anakusalimu. Nimemweka mwisho wala sikusahau. Vile vitumbua vya njiani kavipika yeye, na ni vitamu kuliko vyangu, nalijua hilo, nawe usiniambie.

Salamu nyingine umfikishie mkweo Bi Moza. Mwambie mama yake Zena anamsalimu kwa heshima. Mfikishie kama nilivyoandika, usiongeze kitu.

Ama baada ya salamu, sitakuandikia mambo ya kupika na kufagia. Hayo unayajua, na usiyoyajua atakufundisha Bi Moza, tena kwa furaha. Mimi na wewe tunajuana. Alipokuja hapa kwa arobaini ya Salimu alilitazama jiko langu kama mtu anavyotazama kidonda cha mwenzake, kwa huruma, na kwa mbali. Kisha akafungua furushi, akatoa vijikanzu vya melimeli alivyomshonea mtoto kwa cherehani yake mwenyewe, mishono imenyooka kama safu za swala msikitini. Nikamwambia, "Ahsante, dada, umejisumbua." Alipoondoka nikavitia chini kabisa ya sanduku, nikakwambia vitambana mtoto. Havikuwa vya kumbana. Juzi ulipovitoa ili uvifunge, vilikuwa vimekwisha kuwa vidogo kweli. Ulivikunja, hukusema neno. Ningependa ungesema.

Na la mkono wa mtoto ni hivyo hivyo.

Bi Moza alituma salamu kwa utingo wa lori. Akasema ndui imesikika upande wa Ubena, na watu wa huko wanafika dukani kwao Lugoba kila siku kununua chumvi na nguo, kwa hiyo mtoto asiletwe kabla hajachanjwa. Akasema, nami nilisimama pale pale kuyasikia, "Mwambieni Zena, mume wangu asije kwangu mkono mtupu." Mume wangu! Ni kweli mabibi wote huwaita wajukuu waume zao, ni utani tu, hata mimi tangu siku ya kwanza namwita Salimu mume wangu. Lakini huyu nimempokea mimi. Maji yake ya kwanza nimempashia mimi, kitovu chake nimekikanda mimi kwa mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe. Jina mmempa la ukoo wao, nikanyamaza. Sasa ghafla nikajiona nimeingia uke wenza mara ya pili katika umri huu, na safari hii mke mwenzangu ana cherehani.

Basi nikaanza visingizio. Dresa wa dispensari alipokuja kuchanja nikasema mtoto anaota meno. Alipokuja tena nikasema usiku amekuwa na joto. Kisha mvua. Kisha hirizi yake haijashonwa, na mtoto hawezi kwenda kufunuliwa mkono mbele ya macho ya wanawake wa mji mzima bila kinga. Ulinisikiliza, maana umelelewa vizuri. Mpaka juzi, unakuna nazi kwenye mbuzi, hukuinua hata kichwa, ukaniuliza, "Mama, hutaki achanjwe, au hutaki aondoke?"

Nikakwambia, "Tazama nazi yako, umefika kwenye kifuu."

Tangu juzi hiyo hatujasemezana ila ya chumvi na maji. Naye Nasoro kaja, kaamkia kwa adabu zake zote, "Shikamoo, mama," nikamwitikia, akainama akasema, "Mama kule Lugoba anasema basi, tusihangaike. Tutamchanjia kule kule, dispensari si mbali na dukani." Ndivyo nilivyojikomoa mwenyewe. Nilitaka nikae na mtoto siku chache zaidi, na sasa mtoto anaingia lorini kesho mkono mtupu, anakwenda kwenye watu wa Ubena, tena atakayempakata siku ya kuchanjwa ni yule yule niliyekuwa nikimnyima.

Leo asubuhi kaka yako alipoleta tenga alinikuta nimekaa kizingitini. Akasema, "Mama, umenuna kama umeachwa."

Nikamwambia, "Nimeachwa kweli. Wanamchukua mume wangu, wanampeleka kwa mke mwingine."

Akacheka. "Si hata mimi ulinigawa kwa mama mdogo, tena bure? Na huyo mwache aende."

Kasema kwa mzaha tu. Nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Alipolisikia alinitazama kwa lile jicho lake moja zima. Kisha akasema, "Ndimu? Basi ndiyo maana achari hainipandi." Tukacheka mpaka bibi yako akauliza nani kazaa. Alipomaliza kucheka alijifuta uso, ule uso wake, akasema, "Mimi umeniambia nimekwisha kuwa na watoto. Zena mwambie kabla mwanawe hajachanjwa." Ndiyo maana nimekaa kuandika, nami mwandiko wangu ni huu wa chuoni, niliofunzwa pamoja na Juzuu Amma halafu nikatolewa. Usomee faraghani. Nasoro asiusome.

Unajua kwamba Selemani alipata ndui akiwa mchanga, na kwamba mama yako mdogo ndiye aliyemuuguza. Hayo hakuna asiyeyajua. Ilivyokuwa ni hivi.

Rukia alimzaa ndugu yenu Hemedi miezi kidogo kabla sijamzaa Selemani. Nyumba zetu baba yako alizijenga zinatazamana kama zilivyo leo, na mimi nilikuwa nikijua kwa harufu ya moshi mwenzangu kapika nini, na kwa wingi wa moshi nikijua anamtarajia nani. Nilikuwa na wivu, Zena. Nilikuwa na wivu hata wa namna anavyojifunga kanga. Wanangu hamkuuona kwa sababu mlipopata akili ulikuwa umekwisha kuwa tabia, kama vile mtu anavyokuwa na sauti nzito.

Hemedi alichanjwa kwanza. Mchanjaji alipopita, Rukia alimpeleka, mtoto akapata homa, mkono ukavimba, akakonda kidogo. Sasa watu wa huku kwetu unawajua. Mtoto wa ziwa akikonda haulizwi ameumwa nini, huulizwa wazazi wake wamefanya nini. Husemwa amebemendwa, maana yake baba na mama hawakungoja mtoto aache ziwa, wamerudiana, na mtoto ndiye anayelipa. Neno hilo likimwangukia mwanamke, kisimani wanampisha kama ana upele. Nami nililitia njiani. Sikulitaja. Nilisema tu, natua mtungi, "Homa ya kuchanjwa gani hiyo isiyotaka kwisha? Lakini mimi nani, sijui ya nyumba za watu." Wakacheka. Mmoja akasema, "Wewe huijui, na mlango unatazama mlango?" Ikawa basi. Rukia alipokuja kuteka, wakampisha.

Mchanjaji aliporudi, mimi nilikuwa na langu. Langu hilo ndiye wewe. Selemani alikuwa hata kutambaa hajaanza, nami nimekwisha kushika mimba. Sikumwambia mtu. Nilijifunga kanga juu, nikakaa mbali na samaki, maana harufu yake ilikuwa ikinitoa jikoni mbio. Nilikuwa nikiwaza hivi: mtoto akichanjwa atapata homa kama Hemedi, akipata homa atakonda, akikonda watasema kabemendwa, wakisema watatazama tumbo langu, na safari hii watakuwa wamesema kweli. Yale niliyomzulia mwenzangu, aliyeyafanya ni mimi.

Usidhani nakusukumia wewe. Nilikutaka tangu siku ile, na kichefuchefu chako pia nilikitaka. Nilichokuwa sitaki ni macho yao.

Jumbe alitoa amri kina mama wote wenye watoto wachanga wafike barazani kwake. Nikaenda, nimempaka Selemani wanja kipaji cha uso kizima, nimemfunika gubigubi. Alikuwa mnene, mashallah, mikono ina mikunjo, na hakuna kitu kilichokuwa kikinipa raha kama kupita naye mbele ya Rukia na Hemedi wake mwembamba. Tulikaa mkekani tunangoja. Mmoja akasema, "Mimi mume wangu yuko Unguja, hajanipa ruhusa ya kumchanja mtoto."

Akajibiwa, "Ruhusa ya kumzaa ulimpelekea nani?"

"Mkwe wangu mie kasema nikirudi na mtoto amechanjwa nilale nje."

"Utalala kwangu, kuna kitanda, ila kina kunguni."

Bibi mmoja mnene pembeni akasema, "Mimi chuma sikiogopi. Nawaogopa nyinyi mnavyomtazama mwanangu." Wote tukacheka, na kila mtu akamvuta wake karibu. Zena, nimekaa na wanawake miaka mingi, na siku ile ndiyo ya kwanza kumsikia mtu akisema la kweli barazani.

Ilipofika zamu yangu mikono ilikuwa ikinitetemeka. Mchanjaji alikuwa kijana, akasema, "Mama, mshike vizuri, nitamkata mahali pasipo pake." Nisingeweza. Mara Rukia akaja upande wangu, mwanamke niliyemchafua kisimani, akasema, "Lete, mwenzangu, nimpakate mimi." Mbele ya watu ningekataaje? Nikampa. Mchanjaji akamkwaruza mkono, akamtia dawa, na Selemani, ambaye alikuwa akilia hata nzi akimtua, alimtazama Rukia usoni akacheka. Hakulia hata kidogo. Wanawake wakapiga vigelegele, "Tazama, anamjua mama yake mdogo!"

Nilimchukua mtoto kana kwamba nampokonya. Mchanjaji alituambia tusiuguse mkono mpaka ukauke, na kwamba ukitunga kipele baadaye ndipo tujue chanjo imeshika. Lakini sisi wanawake tulikuwa na letu tulilokuwa tukiambizana chinichini, kwamba ukimkamulia ndimu upesi, chanjo haitashika na homa haitakuja. Jumbe atakuwa ameridhika na mtoto atakuwa salama. Nikazunguka nyuma ya ua wa jumbe, kulikuwa na mdimu. Nikachuma ndimu, nikaipasua kwa meno. Hapo ndipo Selemani alipolia. Nilimziba mdomo kwa kanga.

Nimejiambia miaka yote kwamba nilikuwa naogopa homa na maneno ya watu. Ni kweli, lakini hayo hayatoshi. Niliposimama chini ya mdimu ule nilikuwa nikiona kovu. Nilikuwa nikiona mwanangu mtu mzima, amevua shati, na begani ana alama, na kila nikiitazama nakumbuka alipotiwa alikuwa mikononi mwa Rukia, naye anacheka. Sikuitaka alama hiyo. Ndiyo niliyoikamulia ndimu.

Mkono ukapona mwororo, hakuna homa, hakuna kipele. Kisimani wakanisifu, "Wa Mwanahawa hata kuchemka hakuchemka!" Nikapita mbele ya mlango wa Rukia siku hiyo bila ya haja yoyote, na mtungi mtupu.

Ndui ilipoingia mjini kwetu ilimkuta Selemani. Jumbe akaamrisha wagonjwa wawekwe kibanda cha peke yao mwisho wa shamba la minazi, na asiingie mtu ila mwenye alama ya kuchanjwa au aliyekwisha kuugua. Mimi sikuwa na hili wala lile. Nikasema nitaingia, nife naye. Bibi yako, masikio yake siku zile yalikuwa makali, alinikamata kanga kwa nyuma akaniambia, "Huingii. Una mimba wewe. Unadhani sina macho?"

Nikamwuliza, "Umejua lini?"

"Tangu ulipoanza kumkimbia samaki changu. Nani hajui? Hata Rukia anajua."

Walikuwa wanajua, Zena. Nyumba zote mbili zilikuwa zinajua, na hakuna aliyekwenda nalo kisimani. Kile nilichomtolea mwanangu kafara hakikuwa siri ya mtu.

Aliyeingia kibandani ni Rukia. Aliingia na Hemedi mgongoni, kwa sababu wote wawili walikuwa na alama, yeye yake ya zamani na mtoto yake mpya. Mimi nilikuwa nimewekewa kamba ya mpaka, nisivuke, nasimama hapo naita.

"Rukia! Amelala?"

"Amelala."

"Amekula?"

Akachelewa kujibu. Kisha akasema, "Amenyonya."

Nilikaa chini mchangani. Nilipaswa kumshukuru Mungu kwamba mtoto ana nguvu ya kunyonya, na nilimshukuru, lakini baadaye. Kilichotangulia ni kingine, nawe nadhani unakijua, maana umezaliwa na mimi.

Hemedi alilala mkeka mmoja na Selemani siku zote zile, wakavuta nguo moja, na hakutoka hata kipele. Yule niliyemcheka kwa wembamba. Selemani alitoka na uso ule na jicho lile. Siku alipotolewa, wamekwisha kumwogesha, Rukia kaja naye mpaka mpakani, amekonda yeye, akanipa mtoto. "Chukua, mwenzangu," akasema, "mimi nimechoka, ana meno huyu." Selemani akanikataa. Akanigeuzia uso, akamnyooshea Rukia mikono, akaita mama. Neno hilo aliondoka kwangu hajalijua.

Unajua nilichomwambia mwenzangu? Nilimwambia, "Umemharibu, hana adabu."

Rukia akacheka kwa uchovu. "Mpe ziwa," akasema, "atanisahau kabla ya alasiri." Hakumsahau. Mpaka leo akiwa na furaha anapita kwake kwanza, akiwa na njaa ndipo anakuja kwangu.

Na liko moja zaidi. Rukia alimwogesha Selemani kibandani kila siku. Aliuona mkono. Yeye mwenyewe ndiye aliyempakata wakati anachanjwa, anajua chanjo iliingia, na anajua mkono uliochanjwa haubaki mtupu hivyo ila umefanyiwa kitu. Hajaniuliza. Miaka yote hii tumekopeshana chumvi, tumezikana wazazi, tumekuoza wewe, hajawahi kuligusa. Laiti angelisema, ningepata la kugombana naye nikapumua. Namwonea wivu hata kwa kunyamaza kwake.

Wiki hii alipoona visingizio vyangu juu ya Salimu, alikuja jikoni, akakaa kwenye kibao, akachambua mchele wangu bila kuombwa. Akasema, "Mwanahawa, mwache mtoto achanjwe." Nikamwambia anaota meno. Akasema, "Haya." Akaendelea kuchambua. Alipoinuka akasema, "Mdimu wa jumbe wameukata siku nyingi, lakini ndimu sokoni zipo tele." Akaenda zake. Nilisema hajawahi kuligusa. Nimekosea, kaligusa mara hiyo moja, nami nilikuwa sitaki kuliandika.

Ndiyo nimekujibu swali lako la kwenye mbuzi. Sikutaka aondoke. Na kwa kuwa mwanamke mwingine ndiye aliyetaka achanjwe, sikutaka achanjwe kwa amri yake. Akili yangu ilijua ndui ni nini, uso wa mwanangu naupikia kila siku, na bado nikasema anaota meno.

Utakapokaa Lugoba na kina mama wenzako mkingoja zamu, utawasikia wakitoa sababu zao. Mmoja mumewe, mwingine mkwewe, mwingine mganga kamkataza. Usiwacheke kwa kuwa umesoma skuli. Wako watakaokuwa na sababu nyingine chini ya hiyo, na haitamkiki mkekani. Mimi mtu angeniuliza siku ile barazani, ningemwambia mtoto ana mafua. Lakini angenishika mkono tu akaenda nami nyumbani kimya, sidhani kama ningefika kwenye mdimu.

Na Salimu mpe Bi Moza ampakate.

Nimeliandika hilo kisha nikainuka nikanywa maji. Lisome kama lilivyo. Mpe yeye. Wewe utatetemeka kama mimi, damu ni moja, na mtoto anahitaji mikono isiyotetemeka. Kwanza niliwaza jambo baya, niwie radhi: niliwaza vizuri ampakate yeye, mtoto ahisi uchungu mikononi mwake, amchukie, anikumbuke mimi. Nimekaa nalo jambo hilo tangu adhuhuri nikilionea utamu. Lakini mtoto hachukii hivyo. Selemani alikamuliwa ndimu na mimi, na jioni yake alinyonya kwangu akalala. Wangekuwa wanaweka kinyongo, sisi mama zao tungebaki na nani?

Mkishatoka dispensari usimwogeshe mkono, na usimruhusu mtu aupake kitu, awe mkweo, awe jirani, awe mimi nikija. Nikija na kanga iliyofungwa fundo, nifungue fundo uone nimebeba nini.

Niandikie upesi, Zena. Usingoje upate karatasi nzuri wala usingoje Nasoro akupe nafasi. Mpe utingo maneno ya mdomo kama huna njia nyingine, mimi nitakuwa naliendea lori kila linapokuja. Siku ya kuchanjwa niambie amechanjwa. Kipele kitakapotunga niambie kimetunga, niambie kimeshika, hata kama mtoto ana homa na amekonda, niambie, sitauliza kwa nini. Nataka kujua ana alama.

Na kama alilia alipokatwa, niandikie alilia. Na kama hakulia, kama alimtazama Bi Moza usoni akacheka, niandikie alilia.

Mimi mama yako,
Mwanahawa